Neno "Twilight" na Tafsiri Zake

Katika vitabu na nyaraka zinazofasiriwa kutoka Kiingereza, neno "twilight" aghalabu hupewa tafsiri ya machweo. Sisi tunaona kuwa tafsiri hiyo ina kasoro, na kasoro yenyewe si ndogo.

Neno hilo limeundwa kwa "light", yaani nuru, na kiambishi cha kale "twi", chenye maana ya mbili. Kijerumani nacho kina "Zwielicht", lililoundwa vivyo hivyo. Maana yake ni nuru hafifu ienayo angani wakati jua li chini ya upeo wa macho, ama kabla ya kuchomoza ama baada ya kutua. Neno ni moja, nyakati ni mbili.

Machweo, yatokanayo na kitenzi kuchwa, ni kule kutua kwa jua, kama macheo yalivyo kuchomoza kwake. Machweo yakiisha ndipo nuru hiyo ya jioni inapoanza. Wataalamu wa falaki huigawa kwa daraja tatu, zinazokoma jua likifika nyuzi 6, 12 na 18 chini ya upeo. Dar es Salaam daraja ya kwanza huchukua kama dakika 22; London, katikati ya Juni, daraja ya tatu haikomi usiku kucha.

Madhara ya tafsiri hiyo yaonekana katika kanuni. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga kwa kawaida huhesabu usiku tangu kukoma kwa daraja ya kwanza jioni hadi kuanza kwake asubuhi. Mfasiri akiandika "tangu machweo hadi macheo", amerefusha usiku kwa dakika zipatazo 22 kila upande, na rubani amepewa sheria nyingine.

Kiswahili hakikupungukiwa. Tunalo neno utusitusi, ambalo halifungwi na jioni wala asubuhi. Tunapendekeza lisimame peke yake pale nyakati zote mbili zinapokusudiwa, na pengine isemwe utusitusi wa alfajiri au utusitusi wa jioni. Machweo yabaki kwa kutua kwa jua, na kwa mafumbo kama machweo ya maisha, ambapo kinachokusudiwa ni mwisho.

Wafasiri na walimu hawana budi kuuliza kwanza: ni tukio linalotajwa, au ni nuru?