Kutunzana si Kutumikishwa: Tahakiki ya Kilimo cha Mwani cha Unguja

Katika miaka ya karibuni yameingia maneno mapya katika semina zetu, katika taarifa za matawi na hata katika hotuba za viongozi. Tunasikia "ubunifu wa kijamii", tunasikia "ushirikishwaji", tunasikia "kuijali jamii". Maneno haya si mabaya. Lakini kada wa Chama hana ruhusa ya kulipokea neno, hata likiwa tamu namna gani, kabla ya kuuliza linatumikia maslahi ya nani. Mkoloni naye alisema amekuja kutuangalia.

Makala haya yanakusudia kuyapima maneno hayo kwa jambo moja lililo hai, ambalo kila mwananchi wa Unguja analijua: kilimo cha mwani. Kilimo hiki kimesifiwa ndani na nje ya nchi kuwa ni mfano wa wananchi wanyonge kujikwamua kwa ubunifu na ushirikiano. Tunataka kuuliza sifa hiyo ni ya kweli kwa kiasi gani, na mahali isipokuwa ya kweli, kosa ni la nani.

Msimamo wetu ni huu. Kutunzana ni uhusiano wa watu walio sawa, ambao wanagawana mambo manne: mzigo, maarifa, uamuzi na pato. Mzigo ukibaki upande mmoja, na uamuzi na pato vikahamia upande wa pili, hapo hapana kutunzana. Hapo pana kutumikishwa, hata kama pande zote mbili zinasimama pamoja na kutabasamu mbele ya kamera.

Historia kwa ufupi

Mwani si kitu kigeni katika bahari yetu. Kabla ya kupandwa ulikuwa ukiokotwa pwani, ukakaushwa na kuuzwa ng'ambo. Utafiti wa kuulima ulianza katika miaka ya 1970, na katika kazi hiyo jina la Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam halina budi kutajwa. Kilimo cha biashara kilianza mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyoletwa kutoka Ufilipino. Kutoka huko kikaenea pwani yote ya mashariki na kufika Pemba, ambako sasa inatoka sehemu kubwa ya mavuno ya Zanzibar.

Nyenzo zake ni chache: vigingi vinavyochomekwa mchangani, kamba inayofungwa kati ya vigingi, na vipande vya kamba nyembamba vya kufungia mbegu, ambavyo wakulima wanaviita taitai. Kazi inafuata maji. Bamvua linapofika na bahari ikapwa mbali, ndipo mkulima anapoingia shambani kufunga, kupalilia na kuvuna. Baada ya wiki sita hivi mwani unakuwa tayari. Hubebwa mbichi hadi nchi kavu, huanikwa, na ukikauka hubaki sehemu ndogo tu ya uzito wake. Viwanda vya nje huutoa humo kitu cha kugandisha, ambacho hutiwa katika dawa ya meno, aiskrimu, vyakula vya makopo na vipodozi.

Wakulima wanakisiwa kuzidi 20,000 kwa Zanzibar nzima, na katika kila kumi, wanane au zaidi ni wanawake. Mwanzoni wanaume nao walilima. Walipoona bei haipandi, wengi wao wakarudi kwenye uvuvi au wakenda kutafuta kazi mahotelini. Waliobaki ndio wale ambao hawakuwa na pa kwenda.

Haki inatutaka tuseme pia lililo jema. Fedha ya mwani iliingia mkononi mwa mwanamke wa shamba kwa jina lake mwenyewe. Ilinunua mabati, vitanda, vyombo na sare za skuli. Mwanamke ambaye jana aliomba shilingi ya mafuta ya taa, leo akawa na neno nyumbani kwake. Hayo ni maendeleo, na mhakiki anayeyapuuza atakuwa anaupotosha ukweli. Lakini mhakiki anayeishia hapo naye atakuwa amefanya nusu ya kazi.

Hoja ya "mkulima huru"

Hoja ya kwanza tunayoipinga inasema kwamba mwanamke wa mwani ni mjasiriamali huru: hana bwana, analima apendavyo, anauza apendavyo. Tuitazame kwa karibu.

Kwa miaka mingi utaratibu uliozoeleka umekuwa huu. Mnunuzi humpa mkulima kamba na taitai, na mkulima kwa upande wake hulazimika kumuuzia mnunuzi huyo huyo, kwa bei anayoitaja yeye. Bahari ikichafuka na kung'oa vigingi, hasara ni ya mkulima. Mwani ukiugua, hasara ni ya mkulima. Mvua ikinyesha juu ya mwani ulioanikwa, hasara ni ya mkulima. Bei ikishuka katika masoko ya dunia, mnunuzi humpunguzia mkulima bei, na hasara ni ya mkulima tena. Je, huu ndio uhuru? Huyu ni mfanyakazi asiye na mshahara, asiye na likizo, asiye na bima, ambaye tajiri wake amejivua wajibu wote wa mwajiri kwa kumwita "mshirika".

Wazee wetu wanaufahamu mrija huu. Katika zama za ukoloni mwenye mikarafuu alikopeshwa na mfanyabiashara kabla ya msimu, na msimu ulipofika karafuu ilikuwa si yake tena. Chombo kimebadilika, kutoka rehani ya shamba kuwa kamba na taitai, lakini anayefungwa ni yule yule mzalishaji. Anayesema kwamba ushirikiano ni pale mmoja anapotoa kamba na mwengine akatoa mgongo wake, ajiulize kwa nini bei inatajwa na mwenye kamba.

Hoja ya "mila ya kusaidiana"

Hoja ya pili ni ya hatari zaidi kwa sababu inakuja na sura ya kutusifu. Inasema: wanawake wa Kizanzibari wana mila ya kusaidiana, wanacheza mchezo wa fedha, wanachangiana harusi na misiba, wanaleana watoto, basi mradi uwategemee hao, mambo yatakwenda.

Ni kweli mila hiyo ipo, na ni hazina. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwanamke wa Jambiani akiugua wakati wa bamvua, wenzake humfungia kamba zake. Asiyeweza kubeba gunia hubebewa. Lakini tuangalie mila hiyo inafanya kazi gani ndani ya biashara hii. Mnunuzi halipi mtu wa kumlea mtoto wakati mama yuko majini. Bibi analea bure. Halipi matibabu ya mgongo, macho na ngozi, ambayo ni malalamiko ya kawaida ya wakulima hao; jirani anachanga. Anapotoka majini, mwanamke huyo bado anasubiriwa na jiko, ndoo ya maji na mzee kitandani. Kwa hiyo huruma ya wanyonge wao kwa wao imegeuzwa kuwa ruzuku kwa tajiri. Kila kilo ya mwani inayopanda meli imebeba ndani yake kazi ya kutunza ambayo hakuna aliyeilipia wala aliyeiandika.

Hapa hapana budi tuwe wakali kwetu wenyewe pia. Ni rahisi kumlaani mnunuzi wa ng'ambo na kumsahau mume aliyelala barazani akisubiri chai. Mtunzaji naye anataka kutunzwa. Mapinduzi yasiyoingia jikoni ni mapinduzi nusu.

Hoja ya utaalamu

Hoja ya tatu inasema tatizo la mwani ni la kiufundi tu: tafuta mbinu bora na mengine yatafuata. Hoja hii ina ukweli ndani yake, kwa hiyo inastahili kupimwa kwa uangalifu.

Aina ya mwani yenye bei nzuri, inayoitwa kotonii, ilianza kufa katika maji ya kina kifupi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa sababu maji yamezidi joto na maradhi yameongezeka. Wakulima wengi wakabaki na spinosamu, ambayo bei yake ni ndogo sana. Hata hiyo haikusalimika. Mavuno ya Zanzibar, ambayo mwaka 2015 yalizidi tani 16,000 za mwani mkavu, yalishuka mwaka 2016 hadi kiasi cha tani 11,000.

Waliogundua mapema kwamba bahari inabadilika ni wanawake wenyewe, ambao miguu yao iko majini. Sifa ya Dk. Flower Msuya, wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyokuwa kwa miaka mingi Mizingani katika Mji Mkongwe, ni kwamba aliyachukua maneno yao kuwa ni maarifa. Mwaka 2006 aliasisi mpango wa kuwakutanisha wakulima, watafiti, serikali na wafanyabiashara katika meza moja. Kutokana na juhudi hizo wanawake wamejifunza kuusaga mwani na kutengeneza sabuni na bidhaa nyengine, na leo sabuni ya mwani inauzwa katika maduka ya Mji Mkongwe. Huu ni ubunifu wa kweli, kwa sababu sehemu ya thamani inabaki mikononi mwa mzalishaji badala ya kusafiri yote. Hata hivyo soko la watalii ni dogo na ni la msimu. Haliwezi kuwabeba maelfu ya wakulima wanaouza mwani mkavu kwa gunia.

Mbinu nyengine iliyofanyiwa majaribio ni kulima kotonii katika maji ya kina kirefu, kwa nyavu za mfano wa bomba, ambako joto ni dogo. Kwa mwani, mbinu hii ni nzuri. Lakini tuulize: kwa mkulima je? Kina kirefu kinataka chombo na kinataka kuogelea. Wanawake wengi wa pwani yetu hawakufundishwa kuogelea, na vyombo viko mikononi mwa wanaume. Ikiwa tutapeleka mbinu bila ya kupeleka chombo chenye jina la mwanamke, na bila ya kumfundisha kuogelea, tutakuwa tumeuokoa mwani na kumpoteza mkulima. Bei nzuri itarudi, na siku itakaporudi, walioikimbia kazi wakati wa dhiki ndio watakaoivuna. Hakuna aliyekusudia hivyo. Lakini maadili hayapimwi kwa makusudio peke yake. Yanapimwa kwa matokeo.

Fundisho la wakfu

Tunaweza kujifunza jambo katika historia yetu wenyewe. Katika Mji Mkongwe ziko nyumba nyingi za wakfu. Mwenye mali alitoa nyumba yake kwa ajili ya msikiti, jamaa au maskini, na tangu siku hiyo haikuwa yake tena. Hawezi kuiuza wala kuirithisha kama mali yake. Hatuupambi wakati huo: jamii iliyoweka wakfu ndiyo iliyomiliki watumwa, na huruma ya tajiri haikuondoa unyonyaji wake. Lakini kuna fundisho moja lililo sahihi: kutoa kwa kweli ni kuachia umiliki.

Linganisheni na miradi mingi ya siku hizi. Mfadhili anatoa mashine lakini anabaki na uamuzi. Kikundi kinaundwa kwa sababu fomu ya maombi inataka kikundi. Kinapewa mwenyekiti, katibu na muhuri. Fedha zikimalizika, mashine inashika kutu na kikundi kinabaki karatasi. Huo si ushirika. Ushirika unaanzia kwa wenye shida, unamiliki nyenzo zake, na mwanachama anaweza kuuliza hesabu bila ya kuogopa.

Kujikosoa na kazi iliyo mbele

Chama kinachoikosoa dunia na kisijikosoe kinapoteza haki ya kusikilizwa. Sisi makada tumehudhuria uzinduzi mwingi kuliko mikutano ya hesabu. Tumepiga picha na wanawake wenye kamba mabegani, na hatukurudi kuuliza bei ya kilo. Pale mashamba ya mwani yalipogombana na hoteli kwa ajili ya pwani, si kila mara tulisimama upande wa aliyekuja kwanza. Cheo ni dhamana, na dhamana hii hatukuitimiza sawasawa.

Kuundwa kwa Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi mwaka 2020 kulimweka mkulima wa mwani katikati ya mipango ya Zanzibar. Hiyo ni nafasi, lakini wizara haiwezi kufanya kazi ya mwamko badala yetu. Kazi ya kada katika tawi la pwani ni bayana. Kwanza, asaidie wakulima kumiliki kamba, taitai na vyombo kwa ushirika wao, ili mwenye kamba asiwe ndiye mwenye bei. Pili, ahakikishe bei inazungumzwa na wakulima wenyewe, kwa pamoja, na hesabu zinasomwa hadharani. Tatu, kila mbinu mpya ipimwe kwa suali hili: mwanamke aliye dhaifu kuliko wote kijijini ataweza kuitumia? Nne, malezi ya watoto na matibabu ya wakulima yahesabiwe kuwa ni gharama za uzalishaji, yaingie katika bajeti, yasiachwe kwa bibi na jirani.

Mwanafunzi anayesoma makala haya chuoni anaweza kudhani haya ni mambo ya Paje na Jambiani tu. Sivyo. Popote atakapopelekwa kufanya kazi atakuta watu wanasifiwa kwa moyo wao wa kujitolea. Aulize ni nani anayejitolea, ni nani anayepokea, na lini wawili hao walibadilishana nafasi. Akikuta hawajapata kubadilishana hata siku moja, basi amekwishajua kazi yake ianzie wapi.