Mboloko wa padri, mawe ya Lubumbashi

Miaka ya 1950 mmisionari Alexandre Van den Heuvel alitengeneza hapa Kongo katuni za Mboloko, yule swala mdogo wa hadithi zetu. Padri alijua kwamba picha inayotembea inahubiri. Basi inaweza pia kuyajibu mahubiri.

*Machini* (2019), ya Tétshim na Frank Mukunday wa Lubumbashi, ni dakika kama kumi za mawe na chaki. Watu ni vijiwe. Mashine inaingia na mdundo wake, na sumu nyuma yake. Si filamu juu ya dini, lakini kwangu inaikosoa kuliko matusi.

Hapa Kasongo, majani ya mihogo ya mama yalipojikunja, kwenye maombi tuliambiwa ni uchawi wa jirani. Mimi na lisansi yangu ya kilimo nilijua ni mozaiki: virusi, nzi weupe, vipando vyenye ugonjwa. Nikanyamaza. Mzee yule hatusalimii tena.

*Machini* haibishani na mtu. Inaonyesha tu ubaya unatoka wapi. Kasoro yake ni moja: mtu wa jiwe ni vigumu kumlilia. Nani atatuchorea nzi mweupe, na mzee yule mlangoni kwake?