Mshumaa haufundishe mtoto kusema «k»

Wandugu, kuna mazoezi yenye inapendwa sana kwa watoto wanaotamka vibaya: puliza mshumaa, toa ulimi, pandisha ulimi kuelekea pua, jaza hewa kwenye mashavu. Wazazi wanapewa karatasi yake, na video zinazunguka kwenye WhatsApp. Mimi ni mtu wa kilimo, siyo muganga, lakini fakilte zote zilitufundisha kuuliza swali moja: hii dawa inatibu nini?

Wazo liko hivi: mtoto anasema «taa» pahali pa «kaa» juu ulimi wake ni dhaifu, basi tuukomaze. Sasa, huyo mtoto anatafuna muhindi wa kuchoma, anameza, analamba sukari yote kwenye kidole. Nguvu iko. Kusema hakuombi nguvu nyingi, kunaomba ulimi ufike pahali pake kwa wakati wake, haraka, ndani ya neno. Anayepuliza mshumaa anajifunza kupuliza. Mwaka 2015 Cochrane, wale wanaokusanya na kupima tafiti za matibabu, walitafuta uthibitisho wa mazoezi ya namna hiyo. Walipata tafiti tatu tu, zote ndogo, na hakuna yenye ilionyesha kwa nguvu kwamba inasaidia. Bado mazoezi yanaendelea! Ni sawa na kamba ya chini ya ulimi: mtoto akichelewa kusema, mbio kuikata, wakati wengi wenye kamba fupi wanasema bila shida.

Mimi napenda zaidi njia ya maneno mawili yanayotofautiana kwa sauti moja. Mtoto ndiye anatoa amri. Akisema «kaa», mama anakaa. Akisema «taa», mama anawasha taa. Alitaka mama akae, taa ikawaka: mwenyewe anaona kama sauti imebadilisha maana. Mchezo wa bure, na uko katika lugha ya nyumbani. Picha za Kifaransa kutoka kitabu cha Ulaya zitamsaidia nini mtoto mwenye anaishi katika Swahili toka asubuhi?

Lakini hata njia hiyo haifai kwa wote. Sisi ba agronomi tunajua: mahindi ya manjano inaweza kuwa inakosa azoti, inaweza pia kuwa maji yamesimama kwenye mizizi. Ukimwaga urea bila kuangalia, umetupa makuta. Barbara Dodd, mtafiti aliyefanya kazi Australia na Uingereza, alitenganisha watoto hawa kwa aina ya kosa. Kuna mwenye hawezi kutoa sauti fulani hata peke yake. Kuna mwenye anafanya makosa ya mtoto mdogo, ila umri wake umepita. Kuna mwenye ana kanuni zake ambazo watoto wengine hawana. Na kuna mwenye anatamka neno moja namna tatu siku moja. Huyu wa mwisho, maneno mawili hayamsaidie sana; kwake wanachagua pamoja na familia maneno kama 50 ya kila siku, majina ya nyumbani, chakula, choo, na anazoea kuyasema namna moja, hata kama haijakuwa safi kabisa.

Hapo ndipo naona pengo letu. Kusema «umri umepita» kunaomba ujue watoto wa lugha hiyo wanafika wapi na miaka ngapi. Data za kwanza za Swahili zilichapishwa 2015, kwa kikundi kidogo cha watoto wa Tanzania. Swahili ya huku kwetu iko na mambo yake. Katika nyumba yenye baba, mama na nyanya wote wanachanganya «l» na «r», mtoto anayesema «kurara» hana ugonjwa wowote, lakini anaweza kupewa mshumaa apulize.

Wenzetu wa lingwistiki na saikolojia mnaotafuta sije ya memwari: simu moja, picha 25, shule moja ya watoto wadogo, kila mtoto ataje kila picha mara tatu.