Kanzu Nyeupe, Buibui Jeusi: Kuitambua Skani Njema ya Filamu ya 120

Picha ya harusi ya pwani ni mtihani mgumu kwa skana yoyote. Bwana harusi amevaa kanzu nyeupe yenye darizi shingoni, mamake amesimama kando yake na buibui jeusi, nyuma yao pazia la studio. Kwenye negativu mambo hugeuka: kanzu huwa sehemu nzito iliyojaa fedha, na buibui huwa karibu uwazi mtupu. Skana duni, au skana nzuri mikononi mwa mtu mwenye haraka, hushindwa pande zote mbili. Kanzu hutoka nyeupe pe, bila mkunjo wala mshono, na buibui hubaki weusi mtupu. Skani iliyofanywa vyema huonyesha uzi wa darizi na mikunjo ya kitambaa cheusi katika picha hiyo hiyo moja.

Anayehukumu kazi ya skana na aanzie hapo, kabla ya kuuliza jina la mashine.

Picha za namna hii ni urithi wa pwani nzima. Parekh Studio ya Mombasa, Capital Art Studio iliyofunguliwa Zanzibar mwaka 1930, na Bakor Studio ya Lamu zilijenga sifa zao kwa picha za watu waliovaa wakavalika. Lakini hazina kubwa zaidi iko majumbani, ndani ya bahasha zilizosahaulika kabatini. Filamu ya 120, ambayo Kodak iliitoa mwaka 1901 na ambayo hadi leo inatengenezwa, ndiyo iliyolisha kamera za lenzi mbili kama Rolleiflex na Yashica. Fremu yake ya mraba ina milimita 56 kila upande, eneo lipatalo mara tatu na nusu ya fremu ya milimita 35. Humo mna habari nyingi kuliko zilivyowahi kuonekana kwenye picha ndogo iliyochapishwa na studio.

Hata hivyo, pwani, Msambweni ikiwemo, si mahali pa huruma kwa filamu. Picha imeshikwa na jelatini, na jelatini ni chakula cha kuvu. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 hivi, kuvu humea. Filamu ya asetati nayo huoza kwa namna yake: hutoa asidi ya siki, na asidi hiyo huzidi kuharakisha uozo. Negativu inayonuka siki itengwe na wenzake na ipewe zamu ya kwanza, kwa sababu skani yake huenda ikawa ndiyo nakala ya mwisho. Yenye kuvu isioshwe kwa maji. Kuvu huilainisha jelatini, na maji yanaweza kuondoka na uso wa mtu.

Mashine zenyewe si nyingi. Nikon Super Coolscan 9000 ED ya mwaka 2004 bado inasakwa na wajuzi, ingawa hutumia waya wa FireWire ambao kompyuta za leo hazina. Minolta ilitoa Dimage Scan Multi Pro mwaka 2001, kisha kampuni ikaacha biashara ya kamera mwaka 2006. Plustek ilileta OpticFilm 120 mwaka 2013. Pembeni kuna skana bapa za Epson, V700 na V850, ambazo si za filamu peke yake lakini ndizo watu wengi huanza nazo. Programu ya VueScan ya Ed Hamrick huziwezesha mashine nyingi za zamani kuendelea kufanya kazi na kompyuta mpya.

Namba zilizoandikwa kwenye boksi zisimdanganye mtu. Epson hutangaza nukta 6400 kwa inchi, lakini wanaoipima kwa vipimo vya mistari hupata kama 2300 za kweli. Nikon ilitangaza 4000, na mashine yake huzikaribia sana. Kwa nukta 4000, fremu ya mraba hutoa pikseli 8,800 hivi kila upande, yaani milioni 77, na faili la rangi la biti 16 hukaribia megabaiti 470. Faili kubwa lililotolewa na skana isiyoona vizuri ni uzito tu usio na habari ndani yake.

Njia ya uhakika ya kupima ni chembe. Picha ikuzwe mpaka pikseli moja ya faili iwe pikseli moja ya kioo, kisha jicho lipite katikati na kwenye pembe zote nne. Chembe za filamu zikionekana kali katikati na kuyeyuka pembeni, filamu haikukaa bapa. Hili ndilo kosa linaloharibu skani nyingi za 120, na halitibiki kwenye kompyuta. Filamu ni pana, hupinda, na lenzi ya skana huona vyema katika kina kidogo mno. Kishikio cha kawaida cha Nikon huishika filamu kingoni tu na kuliacha tumbo lake lielee. Ndiyo maana kishikio cha kioo, FH-869G, kinatafutwa sana na wenye mashine hiyo.

Kioo nacho kina adabu yake. Filamu laini ikigusana na kioo laini, hutokea mapete ya rangi, mapete ya Newton, yanayoonekana zaidi kwenye anga na kwenye ukuta mtupu. Kioo kilichokwaruzwa kidogo kiwandani huyazuia. Pwani kuna hatari nyingine: jelatini iliyonyonya unyevu inaweza kunata kwenye kioo. Filamu isiachwe ndani ya kishikio usiku kucha. Kazi ifanywe wakati wa kaskazi, hewa ikiwa kavu kidogo, na feni ya dari izimwe kwanza, maana vumbi lote la chumba humalizikia juu ya kioo hicho.

Sasa kanzu irudiwe. Palipo na fedha nyingi mwanga hupenya kidogo, na skana dhaifu hujaza upungufu huo kwa chengachenga za umeme. Chembe za filamu zina mpangilio wa asili. Chengachenga za skana hutapakaa ovyo, mara nyingi zikiwa na rangi hata kwenye picha isiyo na rangi. Nikon huweza kusoma kila mstari mara kadhaa na kuchukua wastani, na subira hiyo huonekana mara moja kwenye kitambaa cheupe. Kama ukingo wa kitambaa kilichong’aa unatoa ukungu wa mwanga juu ya kitu cheusi kilicho jirani, mshukiwa wa kwanza ni kioo cha ndani cha skana kilichoshika vumbi au utando. Ufukweni jambo hilo halikawii kutokea, kwa hiyo anayenunua mashine iliyotumika adai kuonyeshwa skani yenye ukingo wa namna hiyo. Anga la bahari nalo likionyesha mistari iliyolala sambamba, Nikon iwekwe kwenye hali ya kusoma kwa mstari mmoja badala ya mitatu. Muda huongezeka mara tatu, lakini mistari huondoka.

Digital ICE, ile hila ya kufuta vumbi kwa mionzi ya infraredi, ni neema kwa negativu za rangi na balaa kwa zile za kale za nyeusi-nyeupe. Rangi za filamu huupitisha mwanga huo, vumbi huuzuia. Fedha ya filamu nyeusi-nyeupe pia huuzuia, hivyo mashine huiona picha yenyewe kuwa uchafu na kuanza kuipakapaka. Kope zilizovurugika na uzi wa darizi uliokatikakatika ni dalili kwamba hila hiyo iliachwa ikiwa imewashwa.

Alama nyingine zinastahili kubaki. Mafundi wa studio walikuwa wakichora kwa penseli juu ya negativu ili kulainisha mashavu na kupunguza makunyanzi. Skana kali huyaona mapito ya penseli ambayo karatasi ya zamani iliyaficha. Hiyo ni kazi ya mkono wa fundi, na skani inayoyafuta imepoteza sehemu ya historia ya picha.

Kuhusu rangi, uamuzi wa programu usiaminiwe hivi hivi. Kwa miongo mingi Kodak ilizipelekea maabara kadi za kurekebishia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizojulikana kama kadi za Shirley, na ngozi nyeusi ikalipa gharama. Marekebisho ya kujiendesha ya leo bado yanaweza kuufanya uso mweusi uwe wa kijivu, au kuutia wekundu ili tu mchanga wa Diani uwe mweupe. Kipimo bora ni picha yenye watu wawili, mmoja mweusi na mwingine wa maji ya kunde. Tofauti yao ikipotea, skani irudiwe.

Mwenye jicho zoevu huipenda skani iliyopoa, yenye kijivu kingi, ambayo mgeni angeiona haina uhai. Grafu yake ya mwanga haijagonga ukuta upande wowote, na faili ni TIFF la biti 16. Uhai huongezwa baadaye kwenye nakala. Skani iliyonolewa tangu mwanzo hujulikana kwa uzi mweupe unaozunguka makuti ya mnazi dhidi ya anga, na uzi huo ukishaingia hautoki.

Halafu kuna matumizi. Kwa nukta 300 kwa inchi kwenye karatasi, skani ya nukta 4000 huchapwa hadi sentimita 75 kila upande, na ya 2300 hadi 43. Anayetaka picha ya sentimita 30 ya kutundika sebuleni anatoshwa na Epson iliyotunzwa, na fedha zinazobaki afadhali ziende kwenye silika jeli na makasha yanayofunga vizuri. Nikon na dakika zake nyingi ziwekewe zile fremu chache ambamo maandishi ya leso, yakikuzwa, yanasomeka herufi kwa herufi.