Msanifu wa Majengo na Mji Wetu wa Kolwezi

Wako Wakristo wengi wasemao kwamba msanifu wa majengo, yule ambaye kwa Kifaransa huitwa architecte, ni mtu wa kuchorea matajiri picha nzuri. Sisi, wasema, tuna fundi. Fundi ajua tofali, ajua bati, yatosha. Neno hili nalipinga, na ushahidi hauko mbali. Tuutazame mji wetu kama mtu atazamavyo kazi ya mikono, tuseme wema wake na ubaya wake.

Kolwezi haukuota wenyewe kama uyoga. Mwaka 1937 kampuni ya Union Minière iliuanzisha kwa ajili ya shaba, nao ulichorwa kwanza kwenye karatasi. Ukipita katika kambi za zamani waiona kazi ya kichwa: barabara zimenyoka, nyumba zimepangwa kwa mstari, hewa ina njia. Sifa hiyo tuitoe bila choyo. Lakini karatasi ile ile iliwatenga Wazungu huku na Waafrika kule. Huko Lubumbashi, wakati ule Elisabethville, uliachwa uwanja mtupu katikati, eti kwa ajili ya afya. Kalamu ile haikukosa ujuzi, ilikosa haki. Ilimsikiliza mwenye kulipa; aliyelala ndani hakuulizwa kama chumba kitamtosha yeye na watoto wake. Tena mji uliwekwa ubavuni mwa madini yenyewe. Ndiyo sababu hata Cité Gécamines, mtaa uliochorwa vema, watu wameondolewa humo mgodi ulipopanuliwa, kama Amnesty International ilivyoandika mwaka 2023.

Sasa twende Kasulo, ambako watu wengi walijijengea kwa jasho lao. Mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya nyumba. Watu wakachimba uani, wengine ndani ya chumba cha kulala, wakapitisha mashimo hata chini ya jirani. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta na wenyeji wakahamishwa. Injili yamsifu aliyejenga juu ya mwamba. Kasulo, mwamba ndio ulioangusha nyumba!

Sisemi kwamba msanifu angaliweza kuizuia njaa. Wala hawezi kuigeuza sheria, isemayo kwamba madini ni mali ya Serikali hata kama kiwanja ni chako. Lakini msanifu wa kweli haanzi na ukuta, aanza na ardhi: chini pana nini, maji ya mvua yaenda wapi, na nani ana haki juu ya mahali hapa. Katika nchi ya shaba kazi hiyo ina thamani kuliko picha yo yote. Mtu aliyejibiwa maswali hayo mapema ajua analoliweka hatarini, kabla hajamaliza akiba ya miaka kumi. Fundi haulizwi hayo, naye si kosa lake. Yeye huitwa siku ya matofali.

Ujira wa msanifu ni mzito kwa mwenye mshahara mdogo, nakubali. Wala haifai kila baba kumtafuta peke yake. Lakini jamaa za parokia moja zaweza kuchangia mchoro mmoja mwema wa nyumba ndogo: msingi ulioinuka juu ya maji, madirisha yanayokabiliana, paa lililofungwa imara, matofali ya kuchoma ya udongo wa kichuguu, ambao hapa kwetu hatuukosi. Mchoro huo wajengewa mara hamsini. Bwana wetu mwenyewe alisema habari za mtu atakaye kujenga mnara, jinsi aketivyo kwanza kuhesabu gharama. Basi kuketi huko ndiko kazi ya msanifu.

Na mchoro utakapoletwa, wazee wa parokia wasiutie sahihi upesi. Aitwe kwanza mama wa nyumba, aulizwe atapikia wapi mvua ya Januari ikinyesha siku tatu.