Mama Kushoto, Sauti Kulia

Mliokuwapo kwenye mchezo wa Jumamosi, Ngome Kongwe, Zanzibar, mliona wenyewe. Mama anashuka kutoka ngazi ya juu, upande wa kushoto, kanga imemteleza begani, anamwita mwanawe anayesafiri. Mdomo unafunguka kushoto, sauti inatoka kulia, kwenye spika. Shingo zetu zote zikageuka kulia kumtafuta mama ambaye hayuko huko. Tulipomrudia, keshafika chini.

Kuwavalisha waigizaji maiki za shavuni ndiko kulikoliua onyesho lile, na mwongozaji hakulazimishwa na mtu. Ngazi zile za mawe zimepangwa nusu duara. Anayesimama chini anatazamana na watu wote. Kuta nene walizojenga Waomani baada ya kuwafukuza Wareno, mwishoni mwa karne ya 17, leo zinapunguza kelele za bustani ya Forodhani. Mwigizaji anayejua kutoa sauti tumboni husikika pale hadi ngazi ya mwisho. Ukiweka spika mbili kubwa, neno linakufikia kutoka kwenye spika, kisha linakurudia kutoka ukutani, irabu zinapandana. Halafu lile kumbatio! Mama kamvuta mwana kifuani, maiki ikasugua kanga, krrr, na neno la kuagana tulilolingoja saa nzima likamezwa.

Taa zilikuwa safi, maleba yalifaa, mpiga ngoma hakukosea pigo.

Nimeshaliandika hili na nitaliandika tena: vikundi vyetu vinakodi spika kabla ya kufanya mazoezi ya sauti. Fedha ile ingelipia mazoezi humo humo ngomeni, usiku, upepo wa bahari ukivuma, mpaka kila mmoja ajue aelekee wapi akisema. Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alizikusanya jioni za Ng'ambo kwa koo lake, bila umeme wa kumbebea sauti. Na Kinjeketile wa tamthilia ya Ebrahim Hussein, tangu 1969, anadai mtu wa kuujaza uwanja kwa pumzi yake mwenyewe. Waliomcheza zamani walilijua hilo kabla ya kukariri mstari wa kwanza.

Jumamosi, karibu na mwisho, maiki ya mwigizaji wa babu ilizimika. Mzee hakubabaika, akainua kidevu, akapunguza mwendo, akaendelea. Nilikaa ngazi ya juu kabisa, na nilimsikia mpaka anapovuta pumzi.

Alipoingia tena, walikuwa wamembadilishia betri.