Watunza Barafu wa Yost

Sisi mashabiki wa hoki ya barafu wa Chuo Kikuu cha Michigan, tangu msimu unapofunguliwa mwezi wa Oktoba, hatuachi kubishana juu ya mabao na makosa ya makipa. Walakini katika ukumbi wetu wa Yost, jengo la mwaka 1923 lililogeuzwa uwanja wa barafu mwaka 1973, wamo watu tusiowataja kamwe: hao ambao, juu ya sakafu iliyopozwa kwa mabomba, hunyunyiza maji tabaka baada ya tabaka, wakipaka humo weupe na mistari, hata barafu ipate unene wa takriban inchi moja tu. Kila dakika 20 za mchezo zikiisha, huingia na mashine ya Zamboni, kisu chake kikiparuza ngozi iliyochakaa, na nyuma yake kitambaa kikitandaza maji ya moto. Naam, ya moto, kwa kuwa huyeyusha mikwaruzo kidogo yakagandamana nayo. Mbele ya goli, makali ya viatu vya kipa yalipochimba, mtu huinama akajaza shimo kwa theluji na maji, kwa mkono. Barafu ikilainika, kisahani kinachopigwa kwa magongo hurukaruka. Ikizidi ugumu, hupasuka. Ile pasi tuliyosimama kuishangilia ilipita juu ya kazi yao.